Uso Nilioenda Nao Msibani

Jambo hili watu wa mbali nimewaficha, lakini wa karibu wote wanalijua maana walikuwepo, na wasiokuwepo wamesimuliwa na waliokuwepo, tena kwa kutiwa chumvi, kwa hiyo nimeona bora niliandike mwenyewe kama lilivyokuwa kabla hawajaliotesha mkia na mapembe. Ni aibu. Nimelala nayo, nimeamka nayo, nimepanda nayo mlima na gunia la karoti kichwani, na bado haijapungua uzito. Mwandiko mtanivumilia, mimi shule niliishia darasa la tatu, na sababu ya kuishia darasa la tatu ni huu huu uso wangu ambao ndio nataka kuwapa habari zake.

Mimi nikiogopa, nacheka. Sio kwamba naona raha, la, ndani huko roho inakuwa imeshuka mpaka magotini na viganja vimepoa kama vya mtu aliyetoka kuosha mboga asubuhi, lakini mdomo unafunguka wenyewe, mashavu yanapanda, meno (haya yaliyobaki) yanatoka nje yote, na ukinitazama utadhani nimeitwa kwenye pilau. Mwalimu wetu wa darasa la tatu alikuwa na fimbo ya mpera, akimwita mtoto mbele wenzangu wanatetemeka kwa adabu, mimi nasimama nacheka, naye anaona namdharau anaongeza, na kadiri anavyoongeza ndivyo ninavyoogopa, na kadiri ninavyoogopa ndivyo ninavyocheka, mpaka siku moja akachoka yeye, akanituma nikamlete baba, nami nikapitia shambani na sikurudi tena. Mke wangu alipopata uchungu wa Gaspa, mtoto wetu wa kwanza, tulimteremsha kwa machela kutoka huku juu mpaka zahanati ya Mlali, mvua inanyesha, na mimi nilimchekea njia nzima. Hadi leo akinikasirikia anaanzia hapo.

Na huku kwetu milimani uso ndio unaosema, mdomo unafuata baadaye. Mtu ukimuuliza kama yupo nyumbani kesho anainua nyusi, maana yake yupo. Ukimuuliza njia hanyooshi kidole, anachongoa midomo kuelekea upande ule na wewe unakwenda hukohuko na unafika. Mke wangu wageni wakiwepo ananiongoza kwa macho tu, kuna jicho la kuniambia nyama haitoshi usijifanye mkarimu, kuna la kuniambia hadithi hiyo ulishawahadithia, na kuna moja ambalo sijalijua maana yake lakini nikiliona nanyamaza. Sasa mfikirie mtu mwenye uso wa uongo anayekaa kati ya watu wa namna hiyo. Nimeishi hivyo, watu wakidhani mimi ni mtu wa kucheka tu, na waliojua ukweli ni wawili, mke wangu na mdogo wangu Veronika.

Veronika ni wa tumbo moja na mimi, na katika tumbo lile tumebaki sisi wawili. Aliolewa na Anselimu, na shamba la Anselimu liko juu ya langu, na mfereji wa maji unaotoka kwenye chemchemi unapita kwake ndipo uje kwangu. Hapo nadhani mmeshaelewa. Kiangazi kile maji yalikuwa kidogo, kabichi zangu zikaanza kujikunja majani kama wazee wenye baridi, nami nikaenda kwa shemeji nikamwambia fungua, akaniambia nimefungua, nikarudi nikakuta tope tu. Tukabishana. Anselimu alikuwa na tabia akibishana anainua nyusi moja, ile ya kushoto, anakuacha uongee mpaka uishiwe, na hakuna kitu kilichokuwa kinaniudhi kama nyusi ile. Basi siku moja pale kilabuni, pombe imeshaniingia kidogo, nikasema mbele za watu, "Msimu huu tutaona nani atavuna." Maneno ya mtu ambaye kabichi zake zinakauka, hakuna zaidi. Lakini kabla kabichi hazijakomaa, Anselimu akaanguka shambani kwake akiwa ameshika jembe, na hakuamka.

Hospitali ilisema presha. Lakini hospitali iko mjini na maneno yako huku. Nilianza kuona watu wananyamaza nikifika dukani, sio kunyamaza kwa ubaya, kunyamaza tu kama mtu anayemeza mate. Nilikuwa namjua mzee mmoja wa kijiji cha pili, macho yake yalikuwa mekundu kwa sababu amepikia kuni maisha yake yote, tena mjane anayekaa peke yake, mtoto wa jirani akafa, mtu mmoja akasema yale macho, mwingine akaitikia, asubuhi nyumba yake ilikuwa majivu. Leo yuko Dumila kwa binti yake, anachoma mahindi ya kuuzia wasafiri barabarani, na huku hana hata mahali pa kuzikwa. Nilimkumbuka sana siku zile mbili. Lakini kilichoniogopesha kuliko nyumba kuchomwa, nawaambia kweli, ni Veronika. Niliogopa kwamba amelisikia lile neno la kilabuni, na kwamba nitamwangalia usoni nimkute anajiuliza kama kaka yake amemuua mume wake, ndiyo maana sikukanyaga kwake mpaka siku ya mazishi.

Asubuhi ya mazishi mke wangu alikuwa anafunga khanga, akaniangalia akasema, "Baba Gaspa, ule uso wako leo uuache hapa nyumbani."

Nikamwambia uso hauna msumari wa kuutundikia. Akasema basi nikae nyuma, nisiende kumtazama marehemu. Nikamkumbusha kwamba mimi ndiye kaka wa mjane, upande wa mke ukiitwa kuaga anayetangulia ni mimi, nikibaki nyuma watasema nimeogopa kumtazama niliyemfanyia kitu, na nikienda mbele nitacheka. Akakaa kitako kitandani, akasema kweli hili ni gumu, akatoka kwenda kuwatangulia wanawake wenzake.

Nikabaki peke yangu jikoni nikiota moto, na hapo karibu na mafiga palikuwa na ungo wa pilipili kichaa mke wangu alizokuwa anazikausha za kupeleka sokoni. Ndipo nikafanya uamuzi wangu ule mdogo. Nilikumbuka siku moja niliuma pilipili kwenye maharage bila kujua, mke wangu akaniuliza nimepata habari gani mbaya, maana uso wangu ulikuwa wa mtu aliyeletewa taarifa ya msiba. Nikajiambia, ndiyo hiyo. Nikachagua moja nyekundu, mbichi bado, nono kiasi, nikaitia shavuni upande wa kulia ambako nina magego, nikafunga mdomo. Mpango wangu ulikuwa kwamba kicheko kikija nabana kidogo tu, mdomo unashuka, naonekana mtu mwenye huzuni kama wengine. (Na huzuni nilikuwa nayo, mwelewe hivyo, Anselimu tuligombana maji lakini tulijenga nyumba zetu pamoja, yeye akishika fito na mimi kamba. Ila huzuni yangu haina mlango wa kutokea.)

Njiani nilijijaribu. Nikabana kidogo, machozi yakanilenga, midomo ikaenda chini, nikaona vizuri sana, nikajipongeza.

Msibani turubai lilikuwa limefungwa, wanaume kwenye mabenchi, wanawake ndani kwenye mikeka na Veronika katikati yao amefunikwa khanga, katekista anapanga vitabu vyake mezani. Nikasimama mlangoni nikawapa pole wanawake, nikarudi kwa wanaume. Kaka yake marehemu, Mzee Damiani, mtu mkubwa, mpasua mbao, akanishika mkono akasema tumeshapoa, na hakuuachia mkono haraka, alikuwa ananitazama midomo. Nikakaa. Nikasikia mwanamke mmoja akinong'ona kwamba mjane hajalia tangu jana, amekauka, anatazama ukuta tu, na kwamba hali hiyo si nzuri. Nikaogopa, kicheko kikaja, nikabana, kikarudi. Kitu kinafanya kazi.

Sasa akaingia mtani. Kwetu msiba hauendi bila watani, ukoo wa marehemu una ukoo wa watani wao, na mtani ana ruhusa ya kufanya kila ambacho mwingine akikifanya atapigwa. Huyu alikuwa mama mmoja wanamwita Mama Zuhura, mfupi, mwepesi, hana aibu hata kidogo. Alikuwa amevaa mabuti ya mpira ya marehemu, na kofia yake, na jembe begani, akawa anatembea kati ya mabenchi kwa mwendo wa Anselimu hasa, ule wa kuvuta mguu, anasimama mbele ya mtu, anainua nyusi ya kushoto, anamuuliza nani amefunga maji yake. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, hata Damiani alicheka na machozi yanamtoka. Mwenye msiba akicheka kwa mtani anapumua, na asiyecheka, huyo watu wanamtazama mara mbili, kwa sababu moyoni ana kitu ambacho mtani amekigusa.

Akaja akasimama mbele yangu. Akainua nyusi ile. Jamani, ilikuwa nyusi ya Anselimu mwenyewe.

"Haya shemeji," akasema, "leo maji yote ni yako. Mbona hujafurahi?"

Roho yangu ikaenda magotini. Kicheko kikapanda, kikubwa, na angalieni ujinga wangu, ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu yote kicheko changu kuja mahali kinapotakiwa na saa kinapotakiwa, watu wote wamenigeukia wanasubiri nicheke ili na wao wacheke, ningekiachia tu mambo yangeishia hapo. Nikakibana. Nikabana na pilipili. Uso ukanikunjamana, midomo ikashuka, nikamtazama yule mama kwa macho yaliyojaa maji bila kutikisa hata shavu. Kicheko cha watu kikakatika. Mama Zuhura akashusha nyusi taratibu, akanitazama kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta mtu, akarudi nyuma hatua kidogo na kwenda kuwachokoza wengine, lakini nguvu zilikuwa zimemwishia. Nikaona Damiani anamwinamia mtu wa pembeni yake. Nikajiambia kaza moyo, bado kidogo.

Wakatangaza kuaga. Jeneza lilikuwa kwenye meza nje, lina kidirisha cha kioo upande wa kichwa, wanakwaya wanaimba polepole, upande wa mume ukapita, ukaitwa upande wa mke, nikasimama. Nilikuwa nimeapa kwamba nitatazama ubao, sitatazama kioo, lakini nilipofika nikahisi macho ya watu wote yamenigandia kisogoni, nikaona nisipotazama ndiyo itakuwa ushahidi. Nikainama nikatazama.

Sijui waliomwosha walimlaza vipi, au ni kivuli cha turubai, lakini nawaambia nyusi ya kushoto ilikuwa juu.

Kicheko kilichokuja hapo hakijawahi kunijia kabla wala baada. Nikabana, sio kidogo, nikabana kwa magego yote kama mtu anayekata kamba. Pilipili ikapasuka nzima nzima, maji yake yakaenda kooni, mbegu zikaenda njia ya pumzi, nikataka kuvuta hewa hewa haipo, na kilichokuwa mdomoni kikatoka chote kwa nguvu ya kikohozi, phuu, pale pale kwenye kioo, juu ya uso wa shemeji yangu. Vipande vyekundu na mate.

Kwaya ikanyamaza. Huo ukimya ninausikia mpaka leo nikiwa peke yangu shambani.

Ili mwelewe niliyoyafanya, mjue kwamba kwetu mate ya mzee si kitu cha mchezo. Mjukuu akienda safari ya mbali babu yake anampulizia maji ya mdomoni, ni baraka. Waliokosana wakipatanishwa wanapuliza maji chini, ni kumaliza hasira. Sasa mzee aliyegombana na mtu, asiyepatanishwa naye, akamfuata mpaka kwenye jeneza akampulizia kitu chekundu usoni bila kuombwa, hiyo kila mtu pale aliijua bila kufundishwa. Shangazi wa marehemu, bibi mkongwe sana, ndiye aliyesema, na hakupaza sauti.

"Amemfunga mdomo asimtaje."

Nikanyoosha mgongo kugeuka niwaeleze. Sauti haikutoka. Koo lilikuwa limefunga, ulimi umevimba kama kiatu, machozi yanashuka, makamasi yanashuka, na macho yangu, nilikuja kuambiwa baadaye, yalikuwa mekundu kama makaa. Na kwa kuwa sasa nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na pilipili haipo tena shavuni ya kunizuia, nikacheka. Mdomo wote. Mzee mwenye macho mekundu, amesimama juu ya jeneza la adui yake, anacheka bila sauti. Waliokuwa mstari wa mbele walirudi nyuma wakaangushana kwenye mabenchi.

Damiani na wanaume wengine wakanishika, sikubisha, wakanikalisha kwenye kigoda ukutani pa jiko, wakanizunguka. Katekista akasema tuendelee na sala, mambo haya yataongelewa baadaye mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na Damiani akamwambia kwa upole kabisa kwamba jeneza la ndugu yake halinyanyuki mpaka huyu aseme alichotema. Mke wangu akaja mbio, akawaambia jamani ndivyo alivyo, huyu akiogopa anacheka, mimi nimeishi naye. Wakamwambia mama, wewe ni mke wake, ungesema nini kingine. Naye maskini hakujua habari ya pilipili, angejua angewaambia. Nikaona lazima niwaambie mwenyewe. Sauti sina, kwa hiyo nikaonyesha mdomo kwa kidole, nikafanya ishara ya kutafuna, nikaonyesha jeneza, nikarudia tena, mdomo, kutafuna, jeneza.

Mmoja wao akasema, "Anakiri. Anasema amemla."

Nikatikisa kichwa kwa nguvu, huku nimekenua. Nyuma huko nikasikia kijana akimuuliza mwenzake kama pikipiki yake ina petroli, na mwenzake hakujibu, na mimi nikajua hakuna safari waliyokuwa wanaipanga. Nikawa naona nyuso tu, nyuso za watu niliozaliwa nao, niliowapa mbegu, waliokula kwangu, na hakuna uso hata mmoja nilioweza kuingia. Wote walikuwa wamefunga.

Kisha ukatokea mnong'ono kutoka mlangoni, watu wakapisha njia. Veronika alikuwa ameinuka kwenye mkeka. Mjane haruhusiwi kuinuka hovyo, wanawake walikuwa wamemshika khanga wanamvuta, naye amewaburuta. Akaja akasimama mbele yangu. Nilitaka, Mungu anajua nilivyotaka, kumpa mdogo wangu uso mmoja wa heshima, mara moja tu, halafu wanifanye wanachotaka. Nikamchekea.

Alinitazama muda. Uso wake haukuwa na kitu, ulikuwa kama uwanja uliofagiliwa. Sikuweza kuusoma, mimi niliyemlea. Kisha akageuka akaenda kwenye jeneza, akainama, akagusa kioo kwa kidole, akachukua kile chekundu. Shangazi mkongwe akamwambia mwanangu usiguse, na Veronika akatia kidole mdomoni.

Watu wote pale, wa kwao na wa kwetu, walikuwa wanatazama uso wa mwanamke mmoja kuona kama ataanguka. Kwanza hakikuonekana kitu. Kisha pua ikatikisika. Kisha midomo ikajikusanya, ikachongoka, akavuta hewa kwa meno, ulimi ukatoka nje kidogo kama wa mtoto aliyeunguzwa na uji, na macho yale yaliyokauka tangu jana yakajaa maji, yakafurika.

"Pilipili," akasema. "Ni pilipili hii."

Damiani hakuamini. Akaenda akaonja mwenyewe. Akarudi amefumba jicho moja, anapepea ulimi kwa kofia. Mwingine naye akataka kuhakikisha, na mwingine, wakawa wanakwenda mmoja mmoja wazee wazima kulamba kidole na kurudi wanahema, na muda si muda tulikuwa wengi pale wenye macho mekundu. Mama Zuhura akiwa bado ndani ya mabuti ya marehemu akasema nimeleta kiungo kabla mboga haijaiva, akanitoza faini ya jogoo, nikakubali kwa nyusi. Watu wakacheka, sio sana, kicheko cha watu waliokuwa karibu kufanya jambo wakaliacha. Yule kijana wa petroli sikumwona tena siku ile.

Lakini Veronika hakucheka. Machozi yalipoanza kwa pilipili hayakukoma, yakageuka yakawa yenyewe, akalia kwa sauti, akajishika kichwa, wanawake wakamrudisha ndani wanashukuru Mungu kwamba hatimaye amelia. Kioo alikifuta yeye mwenyewe kwanza, kwa pindo la khanga yake. Kule makaburini nilitupa udongo na mdomo wangu umekenuka mpaka masikioni na hakuna aliyesema neno. Yeye hakunitazama hata mara moja.

Basi mkadhani yameisha. Nilirudi nyumbani mke wangu akanipa maziwa ninywe polepole. Na hofu ndiyo kwanza ilikuwa imebadilisha mahali pa kukaa. Pilipili ilikuwa imesafisha mate, haikusafisha lile neno la kilabuni. Kila nikisikia mbwa anabweka nafikiria pikipiki. Na kila nikimfikiria Veronika naona ule uso uliofagiliwa, najiuliza, alipoonja, alionja kwa kuniamini au alionja kwa kunijaribu? Maana angeanguka pale, ningekuwa nimekwisha, naye alilijua hilo.

Matanga yalipoondolewa nikajikaza nikaenda. Nilimkuta shambani kwake, amekunja nguo, anazibua mfereji kwa jembe la mumewe. Akaniamkia kama kawaida, shikamoo kaka, nikaitikia, nikasimama hapo natafuta pa kuanzia na mashavu yangu yanapanda.

Nikamuuliza kama alisikia nilichosema kilabuni. Akasema alisikia siku ileile, Anselimu mwenyewe ndiye alimwambia, tena walicheka wote wawili. Nikamuuliza kwa nini basi kule makaburini hakunitazama. Akaendelea kuchimba kidogo, kisha akasimama akaegemea mpini.

"Tangu jana yake nilikuwa nakusubiri wewe," akasema. "Kila mtu aliyeingia alikuwa ana uso wa msiba, wote mmoja. Mimi nilikuwa naogopa, kaka, sijui nitaishije, na sikuwa na wa kumwambia. Nikajua ukifika utakuwa umekenua kama siku zote, nitakuona pale mlangoni, nitajua tuko wawili tunaoogopa. Halafu ukaja na uso wa watu wengine. Nikatazama mlangoni nikaona mtu nisiyemjua."

Nilisimama matopeni nimekenua, machozi yananitoka, na safari hii hakuna kitu shavuni. Alinitazama, akatazama tena, midomo yake ikataka kucheka ikashindwa, akainama akaendelea na jembe lake, na nikashika upande wa pili tukazibua pamoja mpaka jioni.

Kwa hiyo nimeapa, na nimewaambia wa nyumbani wanikumbushe nikisahau. Uso huu sitauwekea tena pilipili, wala kitunguu, wala kitu chochote cha kuusaidia. Msibani nitakwenda nao kama ulivyo, na nitaogopa kama ninavyoogopa, na asiyenijua atanifikiria atakavyo, kwa maana huko ndani huenda amekaa mtu anayetazama mlangoni, ananitafuta mimi, na nisingependa anikose mara ya pili.